DAWA ZA MIFUPA DHAIFU: FAIDA NA HASARA ZIPIMWE KWA MIZANI MOJA

Wanachama wengi walioingia katika vyama vya msingi wakiwa vijana sasa ni wazee wenye wajukuu. Miti ya kahawa waliyoipanda ingali ikizaa, na majina yao yangali katika rejesta ya chama, lakini mwili haufanyi tena kazi kama ulivyozoea. Miongoni mwa mambo yanayowaondoa wazee shambani ghafula ni kuvunjika mfupa. Mama hujikwaa kizingitini, akaanguka kutoka kimo chake mwenyewe tu, na nyonga ikavunjika. Mwingine huinama kuinua ndoo ya maji, akasikia maumivu makali mgongoni. Miezi inapopita, jamaa zake huona ya kuwa kimo chake kimepungua na mgongo umepinda. Watu husema ni uzee. Mara nyingi ni maradhi yenye sababu zinazofahamika, na yenye dawa.

Tatizo ni kwamba habari za dawa hizo huwafikia wanachama zikiwa nusu nusu. Huyu husikia ya kuwa iko dawa inayopunguza kuvunjika kwa nusu nzima, akataka kuuza mbuzi ili ainunue. Yule husikia ya kuwa dawa hiyo hiyo huozesha taya, akavitupa vidonge alivyopewa hospitali. Wote wawili wameamua bila kupima. Makala haya yanaeleza jinsi faida na hasara za dawa hizo zinavyoweza kuwekwa katika mizani moja, mbele ya mwenyewe, kama yanavyopimwa mazao ya mwanachama.

Mfupa hujengwa na kubomolewa

Mfupa wa mtu aliye hai si kama jiwe. Kila siku ziko chembe zinazobomoa sehemu ndogo zilizochakaa, na chembe nyingine zinazojenga mahali pale pale. Katika ujana ujenzi huzidi ubomoaji, na kufikia umri wa miaka 30 hivi mifupa huwa imefikia uzito wake wa juu kabisa. Baada ya hapo ubomoaji huanza kuushinda ujenzi polepole. Kwa wanawake upungufu huo huenda kwa kasi katika miaka inayofuata kukoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni, ambayo huzuia ubomoaji, imepungua mwilini. Wanaume nao hupatwa, ila kwa kawaida wakiwa wamechelewa zaidi.

Hali ya mfupa kuwa mwepesi na kujaa matundu ndani yake huitwa na madaktari osteoporosisi. Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliweka kipimo cha kuitambua kwa mashine ya mionzi inayopima uzito wa madini katika mfupa. Kijana mwenye afya ndiye sifuri ya kipimo hicho. Atakayeonekana yuko alama 2.5 au zaidi chini ya sifuri huhesabiwa kuwa na ugonjwa. Mashine hizo ziko katika hospitali chache. Hata hivyo, mzee aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili ya uti wa mgongo kwa kuanguka kidogo ameonyesha udhaifu wa mifupa yake kwa njia iliyo wazi kuliko alama yoyote ya mashine.

Jambo lenyewe si dogo. Hata katika nchi zenye hospitali nyingi, takriban mtu mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga uzeeni hufariki kabla ya mwaka kwisha, na wengi wanaobaki hawarudii mwendo wao wa zamani. Kwa mkulima maana yake ni kwamba mazao yatachumwa na wengine, na mtu mmoja wa nyumbani ataacha kazi zake ili amwuguze.

Nusu ya nini?

Dawa iliyochunguzwa kwa muda mrefu na inayotumiwa na wengi ni alendroneti, iliyo katika jamii ya dawa ziitwazo bisifosifoneti. Ilikubaliwa kuuzwa Marekani mwaka 1995, na haki ya mtengenezaji wa kwanza ilipokwisha huko mwaka 2008, viwanda vingine viliruhusiwa kuitengeneza, na bei yake ikashuka sana. Dawa hii hunata katika mfupa na kuzilemaza zile chembe zinazobomoa.

Uchunguzi wake mkubwa ulifanywa nchini Marekani kwa makundi mawili ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Matokeo ya kundi la kwanza yalitangazwa mwaka 1996. Hao walikuwa wanawake 2,027 wenye umri wa miaka 55 hadi 81, ambao tayari walikuwa na pingili zilizovunjika. Nusu yao walipewa dawa, na nusu walipewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa ndani. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, katika kila wanawake 1,000 wasiopewa dawa, 150 walionekana katika picha za eksirei kuwa wamevunjika pingili mpya; kwa waliopewa dawa walikuwa 80. Waliovunjika pingili na kusikia maumivu hata wakaenda kwa daktari walikuwa 50 kwa kila 1,000 bila dawa, na 23 kwa wenye dawa. Waliovunjika nyonga walikuwa 22, na kwa wenye dawa 11.

Kundi la pili lilikuwa la wanawake 4,432 wenye mifupa myepesi lakini wasio na pingili iliyovunjika. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 1998, baada ya miaka minne na zaidi kidogo. Hapa waliovunjika pingili walikuwa 38 kwa kila 1,000 bila dawa, na 21 kwa wenye dawa. Mtu akitazama sehemu ya mia tu, ataona ya kuwa dawa imefanya kazi karibu sawa katika makundi yote mawili: imepunguza kwa karibu nusu. Lakini katika kundi la kwanza walioepushwa ni 70 kwa kila 1,000, na katika kundi la pili ni 17. Tena, wakihesabiwa wote wa kundi la pili waliovunjika mfupa wowote na kuugua kwa ajili hiyo, haikuthibitika ya kuwa dawa iliwasaidia, isipokuwa wale waliokuwa na alama 2.5 au zaidi chini ya sifuri. Hao ndio waliopungukiwa na hatari kwa zaidi ya theluthi moja.

Mwanachama anaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa makato. Chama kikitangaza ya kuwa makato ya kila kilo yamepunguzwa nusu, tangazo ni moja kwa wote. Lakini aliyeleta kilo 2,000 atapata fedha nyingi, na aliyeleta kilo 50 atapata kidogo mno. Na ikiwa kila mmoja lazima alipe nauli ile ile kufuata malipo yake, huenda huyu wa pili arudi nyumbani na hasara. Vivyo hivyo kwa dawa. Bei yake, safari za hospitali na madhara yake ni karibu sawa kwa kila anayeitumia. Kinachotofautiana ni ukubwa wa hatari aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuianza. Kwa hiyo anayeambiwa ya kuwa dawa hupunguza kwa nusu, hana budi kuuliza: nusu ya nini?

Jambo la kuangaliwa ni kwamba wanawake wa uchunguzi huo karibu wote walikuwa wazungu. Nchini Marekani wanawake wenye asili ya Afrika huvunjika nyonga kwa uchache kuliko wazungu. Kwa hiyo tarakimu hizo zisihamishwe kama zilivyo mpaka Afrika Mashariki, ingawa njia ya kuzipima ni ile ile. Na yule aliyekwisha kuvunjika kwa anguko dogo, awe wa asili yoyote, yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika tena.

Hasara nazo zihesabiwe

Madhara yanayoonekana mara nyingi ni ya umio na tumbo: kiungulia, maumivu ya kifua na vidonda kooni. Mengi huletwa na namna mbaya ya kumeza. Kidonge cha miligramu 70 humezwa mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji matupu. Baada ya hapo mgonjwa hukaa wima au husimama kwa muda usiopungua dakika 30, wala hali kitu. Chai, maziwa na vidonge vya kalsiamu huzuia dawa isiingie mwilini. Anayeimeza kwa chai ya maziwa amepoteza fedha zake. Mtu asiyeweza kukaa wima kwa muda huo, mwenye umio uliosinyaa, au mwenye figo zilizodhoofika sana, hapaswi kupewa vidonge hivi.

Kuoza kwa mfupa wa taya ndiko kunakotisha watu zaidi. Habari zake zilianza kuandikwa na madaktari mwaka 2003, hasa kwa wagonjwa wa saratani. Wagonjwa hao hupewa dawa za jamii hii kwa vipimo vikubwa: asidi ya zoledroniki, kwa mfano, hutiwa katika mshipa wa mgonjwa wa saratani kila baada ya majuma matatu au manne, ilhali mwenye mifupa dhaifu hupewa mara moja kwa mwaka. Kwa hawa wa mwisho, makadirio ya wataalamu ni kati ya mtu mmoja katika 10,000 na mmoja katika 100,000 kwa kila mwaka wa matumizi. Mara nyingi taya huharibika baada ya kung'oa jino. Kwa hiyo meno mabovu yashughulikiwe kabla ya kuanza dawa.

Hasara ya tatu huonekana kama kinyume cha mambo: dawa ya kuzuia mifupa isivunjike yaweza, ikitumiwa miaka mingi, kuuvunja mfupa wa paja katikati yake kwa namna isiyo ya kawaida. Sababu ni kwamba ubomoaji ukizuiwa mno, nyufa ndogo ndogo haziondolewi. Aghalabu maumivu ya paja au ya kinena hutangulia kwa majuma au miezi, na mwenye kutumia dawa akiyasikia amwambie daktari upesi. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake karibu 200,000 wa jimbo la California waliokuwa na umri wa miaka 50 na zaidi. Ilionekana ya kuwa hatari hii huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka, na hushuka haraka dawa inapoachwa. Ilikadiriwa ya kuwa, kwa kila wanawake wa kizungu 10,000 waliotumia dawa miaka mitatu, nyonga 149 ziliepushwa kuvunjika, na mapaja 2 yalivunjika kwa ajili ya dawa. Kwa wanawake wenye asili ya Asia zilikuwa nyonga 91 na mapaja 8.

Hapa ndipo mizani huharibiwa na masimulizi. Aliyeharibika taya anafahamika kwa jina, na habari zake husimuliwa sokoni. Lakini yule ambaye angevunjika nyonga na hakuvunjika hajijui, wala hapana jirani awezaye kumwonyesha kwa kidole. Faida ya dawa ya kukinga imefichika na hasara yake iko wazi. Kwa sababu hiyo zote mbili ziandikwe kwa tarakimu, katika kipimo kimoja, ndipo zilinganishwe.

Dawa nyinginezo

Asidi ya zoledroniki humfaa asiyeweza kumeza vidonge. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007, kwa muda wa miaka mitatu waliovunjika nyonga walikuwa 25 kwa kila 1,000 bila dawa, na 14 kwa wenye dawa. Wengi huona homa na maumivu ya mwili kwa siku chache baada ya sindano ya kwanza. Figo na kiasi cha kalsiamu katika damu hupimwa kwanza.

Denosumabu ni sindano ya chini ya ngozi inayotolewa kila miezi sita. Katika uchunguzi wa mwaka 2009 ilipunguza waliovunjika pingili kutoka 72 hadi 23 kwa kila 1,000 kwa miaka mitatu. Ni dawa yenye nguvu, lakini ina sharti zito. Alendroneti hubaki katika mfupa kwa miaka hata baada ya kuachwa, denosumabu haibaki. Sindano ikikosekana, ubomoaji uliozuiwa hurudi kwa kishindo, na baadhi ya wagonjwa wamevunjika pingili kadhaa kwa mara moja katika miezi iliyofuata. Anayeiacha hana budi kupewa dawa nyingine mahali pake. Kadhalika, sindano hii hutunzwa katika jokofu, na kwa mgonjwa wa figo aliyefikia hatua ya kusafishwa damu yaweza kushusha kalsiamu kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Kwa mwanachama ambaye barabara yake hukatika masika, au ambaye hana hakika ya fedha za sindano ijayo, hili ni jambo la kufikiriwa kabla ya sindano ya kwanza.

Homoni za kike nazo huhifadhi mfupa. Uchunguzi wa homoni mbili zilizochanganywa ulisimamishwa Marekani mwaka 2002 baada ya kuonekana ya kuwa, kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, lakini wenye saratani ya matiti waliongezeka kwa 8, na wenye kiharusi kwa 8. Ziko pia dawa zinazojenga mfupa mpya badala ya kuzuia ubomoaji tu, kama teriparataidi, ambayo hudungwa kila siku. Hizo ni za bei kubwa na aghalabu huwekewa walio katika hatari kubwa kabisa.

Kuendelea au kupumzika

Vidonge vya alendroneti si lazima vitumiwe hadi kufa. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya wanawake 1,099 waliokuwa wamevitumia kwa miaka mitano hivi. Baadhi yao waliendelea kwa mitano mingine na wengine waliacha. Waliovunjika pingili na kuugua walikuwa 53 kwa kila 1,000 walioacha, na 24 kwa walioendelea. Lakini mifupa mingine ilivunjika karibu sawa kwa wote. Kwa hiyo madaktari wengi huitazama hesabu upya baada ya miaka mitano ya vidonge, au mitatu ya sindano za zoledroniki. Aliye katika hatari ya wastani huweza kupumzishwa; aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili mara nyingi huendelea. Mapumziko hayo hayahusu denosumabu.

Yanayotangulia dawa

Si kila pingili iliyobonyea ni udhaifu wa uzeeni. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na saratani huweza kuleta hali kama hiyo, na dawa zilizotajwa hapa haziponyi kifua kikuu. Mgonjwa mwenye homa za jioni, kukonda au ganzi ya miguu achunguzwe kwanza. Anayetumia prednisoloni kwa miezi mingi amweleze daktari, kwa kuwa dawa hiyo hudhoofisha mifupa. Tenofovir, iliyomo katika dawa nyingi za kupunguza makali ya UKIMWI, nayo hupunguza uzito wa mfupa kidogo. Hata hivyo mtu asiache dawa hizo kwa hofu ya mifupa, maana faida yake ni uhai wenyewe.

Aidha, mfupa usioangukiwa huvunjika mara chache zaidi. Kuondoa mtoto wa jicho, kuweka taa njiani usiku, kumpa mzee mkongojo, kuacha tumbaku na pombe nyingi, ni kinga zisizohitaji kidonge. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani na jua la kutosha humpatia mzee kalsiamu na vitamini D, ambazo bila hizo dawa za mifupa hazifanyi kazi ipasavyo na sindano huweza kudhuru. Kutembea na kazi nyepesi za shamba huimarisha mfupa. Bali aliyevunjika pingili asiinamie gunia kulinyanyua.

Maswali ya kumpelekea daktari

Yafaa makatibu wa vyama wayasome maelezo haya mbele ya wanachama, wakiwamo akina mama ambao majina yao hayamo katika rejesta. Atakayeshauriwa kutumia dawa aulize mambo matano: Je, hatari ya kuvunjika kwangu ni watu wangapi kati ya mia, bila dawa na kwa dawa? Madhara yake makubwa hutokea kwa wangapi kati ya idadi ile ile? Figo, meno, kalsiamu na vitamini D vimetazamwa? Dawa itapatikana na kulipiwa kwa muda wote unaotakiwa? Na ni lini tutakaa tena kuamua kuendelea au kuacha?

Bibi mwenye miaka 78, aliyekwisha kuvunjika nyonga na anayeweza kumeza kidonge na kukaa wima, aghalabu atakuta kwamba upande wa faida umeelemea sana. Mama wa miaka 52 asiyewahi kuvunjika, ambaye alama yake imeshuka kidogo tu, aghalabu atakuta fedha zake zina kazi bora zaidi katika chakula na miwani. Hakuna kati yao aliyekosea, maana mzigo wa kila mmoja umepimwa peke yake.